Kabla Hujaipeleka Mota Kuwaindiwa: Namna ya Kutafuta Kilichoiunguza

Mota ya mashine ya kusaga ikizima katikati ya msimu, kila mtu anataka jambo moja: ifunguliwe leo, ipelekwe kwa fundi wa kuwaindi (kusuka upya koili, yaani nyaya za shaba za ndani), kesho kutwa watu wasage. Haraka hiyo ina sababu. Mahindi yakishaanza kuingia sokoni Kibaigwa, au alizeti ikishavunwa kule Singida, siku moja ya mashine kulala ni hasara inayoonekana kwa macho. Lakini mota ya umeme haiungui yenyewe. Kuna kitu kimeiunguza, na mara nyingi kitu hicho hakimo ndani ya mota. Kimo kwenye stata (kisanduku cha kuwashia mota), kwenye nyaya, kwenye mkanda, au ni vumbi lililoziba feni. Ukiwaindi bila kukitafuta, umelipia koili mpya zije ziungue kwa sababu ile ile.

Nitazungumzia mota za umeme wa njia tatu, yaani fezi tatu, zile za kusaga, kukoboa, kukamua alizeti na kusukuma maji, ambazo ndizo nyingi kuanzia Kongwa hadi Manyoni. Vifaa si vingi: maltimita, klampu mita (inayopima ampea kwa kuuzunguka waya), mega ya volti 500 (inayopima kama umeme unavuja kutoka koili kwenda mwili wa mota), bisibisi ndefu, tochi na daftari. Klampu mita ni lazima. Fundi anayetembea na tesita (bisibisi yenye taa) peke yake ataona taa inawaka na kuamini kwamba umeme upo, na hapo mbele nitaeleza jinsi taa hiyo inavyodanganya.

Kupima volti na ampea mota ikiwa kazini ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na aliyezoea. Vipimo vingine vyote hufanywa umeme umezimwa kwenye meni swichi, swichi imefungwa kufuli, ufunguo uko mfukoni mwako, na mita imethibitisha kwamba hakuna volti. Usimwachie mtu akulindie swichi. Mashineni watu wanaingia na kutoka, na aliyekuja na debe lake la mahindi hajui kwamba wewe umeshika nyaya.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kufungua

Anza na kijana anayeendesha mashine, kisha ndiyo uende kwa mwenye mashine. Kijana ndiye aliyeisikia. Ilizima ikiwa na mzigo au wakati wa kuwasha? Sauti ilibadilika kabla? Umeme ulikatika ukarudi? Kuna kilichobadilishwa karibuni, iwe chekeche, puli, mkanda au waya?

"Ovalodi ilikuwa inaruka kila baada ya magunia mawili, fundi, ikabidi tuipandishe kidogo."

Ovalodi ni kinga inayokata umeme ampea zikizidi kiwango ilichowekewa; kuipandisha ni kuiruhusu mota ivute zaidi. Jibu kama hilo lina thamani kuliko nusu saa ya vipimo. Usimkaripie aliyelitoa. Ukimkaripia, hutasikia la pili.

Hatua ya 2: Soma kibati

Kibati ni kile kidogo chenye maelezo kilichopigiliwa kwenye mwili wa mota. Kama kimepakwa rangi, kisugue mpaka herufi zionekane, kisha andika kila kitu daftarini. Tuchukue mota ya kilowati 15, yaani hosipawa 20, ambayo utaikuta kwenye mashine nyingi za kusaga. Kibati kitasema volti 400 kwa delta (koili tatu zikiunganishwa kwa pembetatu), ampea 28 hivi, hezi 50, mizunguko 1,460 kwa dakika, na herufi F.

Mizunguko ina habari nyingi. Kwa hezi 50, mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) ina uga wa sumaku unaozunguka mara 1,500 kwa dakika, na rota, sehemu inayozunguka ndani, hubaki nyuma yake kidogo. Ikibeba mzigo wake kamili inakuwa 1,460. Ukipima ukakuta 1,410, basi mzigo umezidi, au volti ziko chini, au rota yenyewe ina hitilafu. Herufi F inamaanisha vihami vya koili, vinavyozuia umeme usivuje, vinastahimili joto la nyuzi 155. Kanuni ya mafundi duniani kote ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wa vihami kwa nusu.

Huku kwetu kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Mota za kawaida hupimwa kiwandani kwa kazi isiyozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ikiwa si zaidi ya nyuzi 40. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100, na Singida iko juu zaidi ya hapo. Hewa nyepesi huondoa joto kidogo kuliko hewa ya pwani. Peke yake tofauti hiyo si kubwa, lakini iongeze kwenye chumba cha bati kisicho na dirisha, mchana wa Oktoba, feni imezibwa na pumba, na mota ile ile inayodumu miaka Tanga inaungua hapa.

Hatua ya 3: Pima volti mashine ikiwa inasaga

Volti zikipimwa mashine imelala hazikuambii lolote. Pima kwenye vituo vya mota au vya stata huku mashine imebeba mzigo, fezi kwa fezi, mara tatu. Kwa mota ya volti 400 unataka kuona kati ya 380 na 420. Chini ya hapo mota hulazimika kuvuta ampea zaidi kwa kazi ile ile.

Kisha linganisha zile tatu. Tuseme umepata 400, 392 na 384. Wastani ni 392, na iliyo mbali zaidi na wastani imetofautiana kwa 8. Gawanya 8 kwa 392: ni asilimia 2. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini tofauti ya ampea kati ya fezi huwa mara 6 hadi 10 ya tofauti ya volti. Asilimia 2 ya volti inaweza kuleta hadi asilimia 20 ya ampea. Lenga isizidi 1. Ikifika 5, usiiendeshe mota hiyo hata kwa gunia moja. Tafuta kwanza tatizo la laini, na kama liko upande wa transfoma, toa taarifa TANESCO.

Hatua ya 4: Pima ampea, fezi zote tatu

Hapa ndipo tesita inapodanganya. Fezi moja ikikatika mota ikiwa inazunguka, mota haisimami mara moja. Inaendelea, inanguruma, inapungua nguvu. Na kwa kuwa rota bado inazunguka, mota yenyewe huzalisha volti kwenye ile fezi iliyokatika. Ukigusa na tesita, taa inawaka kwenye zote tatu. Hata voltimita inaweza kukuonyesha namba inayokaribia ya kawaida. Fundi anaondoka akisema umeme uko sawa, na nusu saa baadaye moshi unatoka.

Ampea hazidanganyi hivyo. Fezi iliyokatika itasoma sifuri, na zile mbili zilizobaki zitapanda kwa kiasi cha mara 1.7 kama mzigo haujapunguzwa. Mota ikizimwa katika hali hiyo haitawaka tena; itavuma tu bila kuzunguka, na kila sekunde ya kuvuma inaikaanga.

Kama ampea zote tatu zipo ila hazilingani, swali ni moja: kosa ni la umeme unaokuja au la mota? Kuna njia safi ya kujua. Andika ampea za L1, L2 na L3, yaani laini tatu za umeme. Zima, funga kufuli. Hamisha nyaya zote tatu za mota hatua moja kwa mwelekeo uleule: iliyokuwa L1 iende L2, ya L2 iende L3, ya L3 iende L1. Kwa kuwa zote zimesogea pamoja, mota haitageuza mzunguko. Washa, pima tena. Ile ampea kubwa ikibaki kwenye laini ileile, tatizo liko kwenye umeme unaoingia au kwenye stata. Ikihama pamoja na waya wa mota, tatizo liko kwenye mota au kebo yake. Ukizoea kipimo hiki hutabishana tena na mwenye mashine kwa maneno matupu, unamwonyesha namba.

Na ampea zikiwa sawa zote lakini juu ya kibati? Hapo umeme hauna kosa. Angalia mzigo: chekeche lenye matundu madogo mno, nyundo zilizochakaa, mahindi mabichi, au puli iliyobadilishwa ili mashine iende kasi zaidi.

Hatua ya 5: Fungua stata

Ningeombwa nichague sehemu moja tu ya kukagua, ningechagua hii.

Kuna mashine moja nje kidogo ya mji wa Dodoma ambayo mota yake iliwaindiwa, ikaungua, ikawaindiwa tena, na lawama zote zikamwangukia fundi wa kuwaindi. Stata yake ilikuwa ya star-delta: mota huanza koili zikiwa zimeunganishwa kwa star (nyota), kisha taima huzihamishia delta. Kifuniko cha kontakta kuu (swichi ya sumaku inayopitisha umeme wa mota) kilipotolewa, ncha za fezi mbili zilikuwa na rangi ya fedha iliyofifia, bapa, zimelaliana vizuri. Ncha za fezi ya katikati zilikuwa nyeusi, zimeliwa upande mmoja, na ukingo wa shaba umechomoza. Umeme ukiwa umezimwa, kontakta ikibonyezwa kwa mkono, maltimita ilionyesha karibu sifuri kwa fezi mbili. Kwa ile ya tatu namba ilibadilika kila ilipobonyezwa, na mara nyingine haikusoma kabisa. Mota ilikuwa inapoteza fezi moja kila ncha zile zilipokataa kushikana.

Swali la pili ni kwa nini ovalodi haikuruka. Ilikuwa imefungwa chini ya kontakta kuu, kwenye nyaya zinazokwenda U1, V1 na W1 (ncha za mwanzo za koili tatu), na imewekwa kwenye 28, kama kibati kinavyosema. Hilo ni kosa ninaloliona mara kwa mara, na linastahili kueleweka vizuri. Katika star-delta, ovalodi iliyokaa mahali hapo haioni ampea zote za laini. Inaona zile zinazopita kwenye koili tu, ambazo ni asilimia 58 ya ampea za laini. Kwa hiyo inapaswa kuwekwa 28 mara 0.58, yaani 16. Ikiwekwa 28, mota italazimika kubeba karibu ampea 48 za laini ndipo ovalodi ianze kuhisi. Hapo ni kama haipo. Ovalodi ikikaa kabla ya nyaya kugawanyika kwenda kontakta ya delta, ndipo inawekwa 28. Fuata nyaya kwa kidole mpaka ujue imekaa wapi.

Kagua pia taima. Ikigoma kubadilisha, mota inabaki kwenye star huku imebebeshwa mzigo wa delta, na nguvu yake ya kusukuma ni theluthi tu. Kaza skrubu zote. Waya uliopoteza rangi karibu na skrubu, au plastiki iliyolainika, ni mahali palipochemka.

Funga pia rilei ya kulinda fezi. Chagua inayopima tofauti kati ya fezi, si ile inayoangalia volti zipo au hazipo tu, kwa sababu umeshaona jinsi mota inavyoweza kuizalishia volti za uongo.

Hatua ya 6: Zima, pima koili

Ondoa nyaya za stata na zile bati za kuunganishia kwenye kisanduku cha mota, ubaki na ncha sita: U1, V1, W1 za mwanzo na U2, V2, W2 za mwisho. Kama mota inaendeshwa na invata (kifaa cha kielektroniki cha kubadilisha kasi), iondoe kabisa kabla ya kutumia mega. Volti 500 zitaiua.

Mega kwanza. Waya mmoja kwenye mwili wa mota mahali pasipo rangi, mwingine kwenye koili, zungusha au bonyeza kwa dakika moja, soma. Rudia kwa koili zote tatu, kisha koili kwa koili. Chini ya megaomu 1, usiwashe. Kati ya 1 na 5, ikaushe kwanza. Mota yenye afya kwa kawaida husoma makumi au mamia. Baada ya kupima, iguse koili na mwili kwa waya ili chaji iliyobaki iishe.

Mitambo ya kukamua alizeti hulala miezi, na mvua zetu za Desemba hadi Aprili huikuta imelala. Mota iliyolala hivyo ikisoma megaomu nusu, mara nyingi haijaungua, imenyonya unyevu. Itoe rota, weka mwili wa mota wenye koili juani, au weka balbu ya moto ndani ukiifunika, joto lisizidi nyuzi 80, kisha pima tena kila baada ya saa chache. Namba ikipanda, umemwokolea mtu gharama ya kuwaindi. Ikigoma kupanda, kihami kimekufa.

Sasa omu. Koili ya mota ya kilowati 15 ina omu chache mno, na nyaya za maltimita ya kawaida zenyewe zina karibu kiasi hicho, hivyo utasoma namba zinazofanana hata kama koili moja ina kasoro. Fanya hivi: unganisha koili zote tatu kwa mfululizo, U1 hadi U2, kisha V1 hadi V2, kisha W1 hadi W2, pamoja na balbu ya taa kubwa ya gari, kwenye betri ya volti 12. Ampea zinazopita ni zilezile kwa koili zote. Pima volti juu ya kila koili. Zinapaswa kufanana karibu kabisa. Ikipungua moja kwa zaidi ya asilimia 2 au 3, koili hiyo ina mizunguko iliyoshikana. Ondoa mita kabla ya kukata betri, kwa sababu koili hutema volti kubwa inapokatwa.

Shoti ya mzunguko kwa mzunguko ndani ya koili moja haionekani kwa mega. Mega inaweza kusoma 200 na mota ikaungua jioni hiyo hiyo. Ndiyo maana Hatua ya 4 hairukwi.

Hatua ya 7: Beringi, mkanda, feni

Vua mkanda, zungusha shafti kwa mkono. Isikwaruze, isikwame, isicheze juu na chini. Kisha washa bila mzigo, weka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, ukiwa mbali na feni na puli. Mvumo mmoja laini ni mzuri. Sauti ya changarawe ni beringi iliyoliwa. Mlio mkali mwembamba mara nyingi ni ukosefu wa grisi.

Beringi ya upande wa puli ikifa mara kwa mara huku ya upande wa feni ni nzima, mkanda umekazwa kupita kiasi. Bonyeza mkanda katikati ya puli mbili: kwa umbali wa mita 1, unapaswa kushuka karibu milimita 16. Kwenye vumbi la unga tumia beringi zenye sili za mpira pande zote mbili.

Beringi ikiachwa mpaka ichoke kabisa, rota hushuka na kusugua chuma cha nje. Alama yake ni mstari unaong'aa upande mmoja, na koili zilizoungua hapo tu.

Kama ampea zinapanda na kushuka kwa mdundo mashine ikiwa na mzigo, na mvumo unafuata mdundo huo, shuku fito za rota zilizovunjika. Kuwaindi hakutibu hilo.

Hatua ya 8: Ikishaungua, zisome koili kabla hazijakatwa

Fungua mota mwenyewe au mwombe fundi wa kuwaindi asikate chochote mpaka uone. Piga picha pande zote mbili.

Koili zote nyeusi sawasawa zinasema mzigo ulizidi, volti zilikuwa chini, feni iliziba, au mota iliwashwa na kuzimwa mara nyingi mno. Kundi moja jeusi na mawili mazima, kwa mpangilio huo ukizunguka mota nzima, ni fezi iliyopotea mota ikiwa kwenye delta; mota ya poli nne itakuonyesha makundi manne meusi yaliyopishana sawa. Makundi mawili meusi na moja zima ni fezi iliyopotea mota ikiwa kwenye star. Kundi moja tu lililoungua mahali pamoja ni shoti ya mzunguko kwa mzunguko. Tundu dogo lililoyeyuka ukingoni mwa chuma ni kihami kilichochanwa, labda wakati wa kuwaindi mara iliyopita, na hapo ndipo fundi wa kuwaindi anapohusika kweli.

Picha hizo mwonyeshe mwenye mashine ukimweleza. Atakubali kununua kontakta mpya akiona kwa macho kilichomgharimu.

Pampu za fezi moja

Mota inayovuma bila kuanza, mara nyingi tatizo ni kepasita. Itoe chaji kupitia balbu, pima mikrofaradi, na ikiwa chini ya asilimia 90 ya iliyoandikwa, ibadilishe. Kwa pampu za kisimani, ampea kushuka chini ya kawaida ni dalili mbaya kama ilivyo kupanda: mwisho wa kiangazi maji yakishuka, pampu huzunguka kwenye hewa na hujipasha moto bila maji ya kuipoza.

Baada ya matengenezo

Mota iliyowaindiwa ipimwe mega mbele yako kabla ya kufungwa, na isome zaidi ya megaomu 5 kwa mbali. Iwashe bila mzigo, pima ampea tatu. Weka mzigo, pima tena, kisha baada ya saa nzima ya kusaga pima ampea na joto la mwili wa mota. Andika namba hizo kwa kalamu isiyofutika ndani ya mlango wa stata, pamoja na tarehe na mahali ovalodi ilipowekwa. Fundi atakayekuja mwakani, awe wewe au mwingine, atapima na kulinganisha na za leo.